Koti la Fundi Ackon na Miaka Thelathini na Saba ya Mjomba Essilfie

Leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi alasiri, king'ora cha Kiwanda cha Vitenge cha Nyameba hapa Tema kitalia kama kawaida, na Bwana Kobina Essilfie atatoka langoni akiwa si mfanyakazi wetu tena. Ametumikia miaka thelathini na saba, miezi mitano na siku kumi na nne. Aliyehesabu siku ni yeye. Sisi wengine tungesema "miaka mingi" na kwenda kula.

Katibu wa chama cha wafanyakazi alitafuta mtu wa kuandika wasifu huu wa hafla ya kumuaga, na wenye digrii zao wakawa na shughuli. Nikasema leteni hapa. Mimi ni Nii Tettey Lomotey, dereva wa gari kubwa la usambazaji. Shule niliiacha mapema, lakini nimeendesha kutoka Abidjan hadi Lagos, na kutoka hapa hadi Wagadugu, na huko kote sijaona mtu anayemjua Mjomba Essilfie kunizidi. Labda mkewe, naye hana muda wa kuandika.

Mjomba hakuanza maisha kwenye kitenge. Alianza kwenye cherehani, kule Sekondi, kwa Fundi Ackon, mshona makoti ambaye enzi zile bwana harusi asiyevaa koti lake alikuwa kama hajaoa. Uanagenzi sote tunaujua. Unaingia na chupa ya pombe ya kutambikia, unaanza na ufagio, unatumika miaka mitatu. Mwisho fundi wako anakufungua: anakuombea mbele ya watu, anakumwagia poda nyeupe kichwani, na mtaa mzima unakumalizia kwa makopo yao mpaka unafanana na samaki aliyepakwa unga akisubiri mafuta yapate moto. Bila poda ile, hata umshonee chifu, wewe bado ni mwanagenzi.

Kijana Kobina alikuwa amebakiza miezi minne. Ilibaki kazi moja, ile ambayo kila mwanagenzi wa pale aliishona peke yake ndipo afunguliwe: koti la Fundi Ackon mwenyewe. Ndipo redio ikatangaza kwamba kiwanda cha Tema kinaajiri, mshahara kila mwezi na chakula cha mchana juu. Kobina alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tumbo lake lilisikia tangazo kabla ya masikio. Akaenda kuaga. Fundi Ackon hakumzuia. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, akasema mtaa mzima ukisikia:

"Nenda. Lakini sijakufungua. Popote utakapokwenda utakuwa mwanagenzi."

Kauli hiyo ndiyo aliyoingia nayo langoni kwetu tarehe 15 Machi 1988. Mizigo mingine hakuwa nayo, ukiondoa mfuko mmoja wa nguo na dokono mbili, yale matonge ya unga wa mahindi, alizopika mama yake.

Alipangiwa kwenye upaushaji, pale kitambaa kinapochemshwa na dawa mpaka kiwe cheupe. Mwaka wa kwanza alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Mwaka wa tatu aliijua kazi yote. Mwaka wa tano aliijua mno. Akaanza kuchelewa, akaanza kulala wima kama punda, na kwenye kabati lake aliweka barua ya kuacha kazi iliyokamilika, imebaki tarehe tu. Msimshangae. Nijuavyo mimi, kabati tano kati ya kumi za kiwanda hiki zina barua kama hiyo, na yangu nilikuwa nayo garini, chini ya kiti.

Aliyemwokoa ni Shangazi Araba Tekyiwah, marehemu sasa, mkuu wa jiko la rangi, mwanamke aliyekuwa akionja hewa tu akajua rangi imeungua. Alipita upaushaji siku moja, akamkuta Kobina anatazama saa ya ukutani kama mtu anayetazama mpira. Akamuuliza ana nini. Kobina akasema amechoka na kazi.

"Hujachoka na kazi," Shangazi akamjibu. "Umechoka kuijua. Njoo kwangu, huku hujui kitu."

Kuhama maana yake ilikuwa kushuka daraja na kuanza chini upya, na mwaka ule alikuwa anakaribia kuwa msimamizi. Wenzake walimwona amerogwa. Jumatatu iliyofuata Mjomba alitokea mlangoni mwa jiko la rangi na chupa ya kutambikia mkononi, kichwa kimeinamishwa, akaomba kupokewa kama mwanagenzi. Jiko zima likacheka. Shangazi Araba hakucheka. Aliipokea chupa, akamwaga tone chini kwa ajili ya waliotangulia, tone jingine akalipeleka mahali pake, akamwonyesha ufagio. Mjomba alifagia wiki mbili kabla ya kugusa ndoo ya rangi.

Hapo ndipo alipogundua dawa yake. Barua ya kabatini aliichana, na tangu siku ile, kila baada ya miaka mitano au sita, akiona ameanza kutazama saa, anaomba kuhamia idara asiyoijua, ananunua chupa, anaanza na ufagio. Upaushaji, jiko la rangi, mashine ya kuchapa, ukaguzi, usafirishaji, ghala, na mwisho chumba cha cherehani. Idara saba, mwajiri mmoja. Mimi kabla ya kuja hapa nilibadilisha waajiri sita kwa miaka tisa, wa mikate, wa saruji, wa barafu, na kote nilikuwa dereva yuleyule mwenye kinyongo kilekile. Nilihamisha makalio tu.

Kila alipoaga idara, wenzake walimletea poda wamfungue. Kila mara aliwazuia kwa adabu. Alisema aliyemfunga ndiye wa kumfungua, na yuko Sekondi.

Msidhani alikuwa malaika. Mwaka 1996 alifanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa watu wa jiko la rangi hujisingizia kikohozi. Ukoo mmoja wa Cape Coast ulikuwa umeagiza kitenge cha mazishi ya bibi yao wa miaka tisini na minne. Bibi wa umri huo anavaliwa nyeupe na nyeusi, hata mtoto wa chekechea anajua, kwa sababu amekula miaka yake akashiba. Mjomba akasoma agizo la mstari wa chini yake kwenye orodha, akapika nyekundu. Yadi mia sita zikatoka nyeusi na nyekundu, rangi ya kifo kichungu, kifo cha kijana aliyekatwa njiani. Mazishi yalikuwa Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wakubwa walitaka kupeleka barua. Mjomba akasema barua haina magoti. Yeye na Shangazi Araba wakapanda gari na marobota yote ya kitenge, wakaingia ua wa wafiwa, Mjomba akapiga magoti mbele ya wazee akaeleza kosa ni lake, si la kiwanda. Mkuu wa ukoo alikishika kitambaa, akakigeuza, akawatazama wenzake.

"Mama wa miaka tisini na minne," akasema, "nyinyi mmemlilia kama aliyekufa na ishirini. Basi sawa. Na sisi tulimpenda hivyo."

Wakakivaa. Shangazi Araba alikuwa akisimulia kwamba mji ulishangaa, na kwamba hajapata kuona mazishi ya kikongwe yaliyoliliwa machozi namna ile. Kuanzia hapo Mjomba alikuwa anasoma kila agizo mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na desturi hiyo mpaka leo ndiyo sheria ya jiko la rangi. Yaani mkiwasikia asubuhi wanasoma kama kwaya, chanzo ni bibi wa Cape Coast.

Mimi na yeye tulikutana vizuri mwaka 2008, alipohamia usafirishaji. Nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi. Tema–Kumasi, Kumasi–Tema, mashimo yaleyale, polisi walewale, kuku walewale wa kukaanga pale Nkawkaw. Nilikuwa naendesha usingizini, na barua yangu chini ya kiti ilibakiza siku tatu. Asubuhi hiyo nikamkuta mzee mzima wa miaka arobaini na tatu amesimama kando ya gari na chupa, anaomba awe utingo wangu. Nikamwambia Mjomba, mimi sina cha kukufundisha, hii ni barabara tu, inakwenda na inarudi. Akasema basi nimfundishe hiyo.

Akaanza kuuliza. Kwa nini umepunguza gia hapa. Umejuaje yule wa mbele hana breki. Kwa nini marobota mazito unayaweka juu ya ekseli. Kwa nini kwenye mlima wa Kwahu hupigi honi. Nikawa najibu huku najisikiliza, na nikagundua kwamba najua mambo mengi ajabu. Hakuna anayeweza kuichoka kazi anayoulizwa. Kufika Kumasi nilikuwa nimejaa sifa kama puto, na barua ile tuliifungia kuku wa Nkawkaw wakati wa kurudi. Nimebaki hapa miaka kumi na saba tangu hapo. Meneja akitaka kujua kwa nini sijaondoka, jibu ndilo hilo, si posho.

Mwaka 2010 tulikuwa na mzigo wa Takoradi, na Mjomba aliniomba tupinde Sekondi kidogo. Ndipo nilipomwona Fundi Ackon kwa mara ya kwanza: mrefu, mkavu, amesimama mlangoni palepale pa mwaka 1988. Mjomba alikuwa amebeba chupa na barua ya sifa iliyosainiwa na wakuu watatu wa idara. Alikuwa ameshakwenda mara moja kabla, mwaka 1994, akarudishwa. Safari hii alisimama uani na kofia mkononi, akaanza kueleza aliyojifunza. Mzee alimkatiza.

"Koti langu liko wapi?"

Akaingia ndani. Mimi nikiwa mtu wa miji mikubwa nilitaka kumfuata nimpe maneno mawili matatu, Mjomba akanishika mkono. Tukarudi garini, tukapita Elmina. Hapo akasema, "Ana haki. Nimejifunza kila kazi isipokuwa ile niliyoikimbia."

Akaanza kuomba chumba cha cherehani, wanaposhona ovaroli zetu na nguo za maonyesho. Aliomba mara sita. Wakuu walisema cherehani ni ya vijana wenye macho. Alikubaliwa mwaka 2019, naye ana miaka hamsini na minne. Mkuu wa chumba alikuwa Mawusi Dzidzienyo, umri wake miaka ishirini na sita, na aliiona ile chupa akataka kulia kwa aibu. Alimwambia, Mjomba, wewe ni rika la baba yangu, mimi nitakufundishaje?

"Kama ulivyofundishwa, Dada," Mjomba akamjibu. "Ufagio uko wapi?"

Alimfagilia binti huyo wiki mbili kamili, na akamwita "Fundi" mbele ya wageni. Mawusi mwenyewe anakiri kwamba kabla ya hapo hakuwahi kujiona fundi. Alikuwa ameandika maombi ya kazi sehemu tatu. Yote ameyaacha, na leo wanagenzi kumi na mmoja wamepita mkononi mwake.

Koti lilichukua miaka. La kwanza Mawusi alilikataa kwa ukosi. La pili alilikataa kwa mabega, nalo lilikuwa na tatizo kubwa zaidi: Mjomba alikuwa anashona kwa vipimo vya mwaka 1988 alivyokuwa navyo kichwani, na mzee wa miaka themanini na minane si mtu yule. Mwili umerudi ndani. Kumpima hakuwezekani, maana angejua.

Kazi hiyo ya kijasusi nilipewa mimi, na sioni aibu kusema niliifanya vizuri kuliko ambavyo serikali yoyote ingeifanya. Mwezi wa Machi mwaka huu nilipeleka mzigo Takoradi, nikaenda Sekondi, nikajifanya kijana wa kanisani anayesalimu wazee. Macho yake yameshafifia, anaona kivuli tu. Nikamkumbatia. Mkono mmoja ulikuwa na uzi. Nikapata kifua. Nikamkumbatia tena, nikapata mabega. Nilipomkumbatia mara ya tatu, kwa ajili ya mkono wa koti, mzee akaniuliza mimi ni mtoto wa nani ninayempenda kiasi hiki.

Mei 30 Mawusi alilipitisha koti. La kijivu, bitana ya bluu, vifungo vya pembe. Jumamosi ya kwanza ya Juni tukampelekea.

Mjomba aliliweka juu ya magoti ya mzee, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama kama mtoto wa shule. Fundi Ackon hakuuliza ni nani. Vidole vyake vilianza kwenye ukosi, vikashuka mabegani, vikaingia kwapani, vikapita kila mshono taratibu, na sisi wawili hatupumui. Mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto. Pale vikasimama.

"Mfuko huu umeushona mbio," akasema. "Unakimbilia kiwanda gani tena?"

Nilimtazama Mjomba. Anacheka, na machozi yanamtoka, hajui afute lipi. Akaomba sindano. Akakaa kizingitini, akaufumua mfuko, akaushona upya kwa mkono, tundu kwa tundu, zaidi ya saa mbili juani. Mzee akaupapasa tena, akanyanyua mikono avishwe. Lilimkaa kama ngozi. Akabaki nalo mwilini, na joto lile la Sekondi.

Lakini neno la kufungua hakulisema. Alisema asanteni, akauliza habari za barabara, basi. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Cape Coast, Mjomba akasema kwamba mzee amelivaa, na hilo linatosha. Mimi nimeendesha watu wengi, najua mtu anayesema "inatosha" huku anatazama dirishani.

Sasa wapendwa, hapa ndipo penye kazi yenu. Ukurasa huu mnaousoma haumo katika nakala ya Mjomba. Yake mahali hapa tumeweka picha ya boila mpya. Mkimwona ananyoosha shingo kusoma ya kwenu, ikunjeni.

Siku ile, Mjomba alipokwenda kuwasalimu majirani, Fundi Ackon alinishika mkono wa shati. "Wewe wa kukumbatia," akaniambia. "Anastaafu lini?" Nikamtajia siku. Akaitikia kwa kichwa.

"Alinikimbia mbele ya mtaa wangu wote," akasema. "Nitamfungua mbele ya mtaa wake wote."

Kwa hiyo jana nimeendesha Sekondi na kurudi, taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha katika maisha yangu. Tazameni kiti cha kwanza, upande wa jukwaa. Mzee mwenye koti la kijivu ndiye yeye, na Mjomba anayeshughulika jikoni kupanga sahani bado hajamwona. Kopo la poda liko mfuko wake wa kushoto. Chini ya viti vyenu kuna poda kidogo kwenye karatasi. Asirushe mtu kabla mzee hajamwaga ya kwanza. Meneja, samahani kwa suti yako nyeusi, nilikwambia uvae nyeupe ukadhani natania.

Mjomba, jioni mtu atakupa ukurasa huu, na wewe utakuwa mweupe kuanzia kichwani hadi viatuni, kama kitambaa cha siku yako ya kwanza upaushaji. Ahsante kwa kufagia idara saba zilizokuwa zimefagiwa tayari. Ahsante kwa kutuuliza maswali mpaka tukajua kwamba tunajua. Umetuachia barua nyingi zilizochanwa, na hiyo ndiyo kazi yako kubwa kuliko kitenge chochote.

Tunajua hutakaa bure. Mkeo, Maame Efua, ametuambia kwamba wiki iliyopita ulimwendea mezani pake anapouzia dokono, na chupa mkononi na kichwa kimeinamishwa. Amesema chupa ameipokea, na ufagio uko nyuma ya mlango. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, usichelewe.

Nenda salama, Mjomba. Mungu akupe afya, akupe usingizi mtamu, na Maame Efua asikufungue upesi.